Saa tatu ya wapi? Uzoefu wangu wa kuwekewa meza ya katuni Florida nikiwa Arusha

Nianze na hasira yenyewe nisije nikaisahau njiani. Shilingi elfu hamsini kwa kichwa, vichwa sita, laki tatu taslimu. Nimemlipa wakala wa safari hapa Arusha atuwekee meza moja ya kifungua kinywa na kina Donald na Mickey, yaani watu waliovaa kama katuni hao wanaopita meza kwa meza, kule kwenye bustani za burudani za Walt Disney World, Florida. Na kuweka meza ile ni bure. Unaingia kwenye tovuti yao au programu ya simu, unachagua siku, idadi ya watu na saa, unaacha namba ya kadi ya benki kama dhamana, kazi imeisha. Kadi haikatwi kitu usipokosea. Laki tatu ililipia kubonyeza, na kubonyeza kwenyewe wakakosea.

Jina la ofisi silitaji. Iko mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa, na hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu kosa lao lilikuwa la kusoma saa.

Tazama lilivyotokea, maana na wewe linaweza kukupata hata kwa wakala mzuri. Nilisema saa tatu asubuhi. Kijana wa mapokezi akaandika kwenye daftari "3:00 asubuhi", kama sisi sote tunavyoandika. Mwenzake wa kwenye kompyuta akaiona 3:00, akaipeleka hivyo hivyo kwenye mfumo wa Wamarekani. Kwao 3:00 ya asubuhi ni saa tisa usiku, hakuna mgahawa unaopika chai muda huo, kwa hiyo mfumo ukamwonyesha 3:00 iliyopo, ya mchana. Yaani saa tisa alasiri kwetu. Akabonyeza. Halafu badala ya kutupa ile barua pepe ya uthibitisho, akatuchapia ratiba yao wenyewe, karatasi nzuri yenye nembo na muhuri wa bluu: "Tusker House, 3:00, watu 6". Nikaisoma: saa tatu. Mume wangu akaisoma: saa tatu. Mama mkwe akavaa miwani, akaisoma: saa tatu. Karatasi ile ungeizungusha kutoka Kijenge hadi Sakina, asingepatikana wa kuona kosa.

Aliyeliona ni dada wa mlangoni kule Florida, sisi tukiwa tumeshapanga foleni na watoto wameshamwona Donald kwa mbali.

Kwa hiyo neno la kwanza kwa anayepanga safari hii: usipokee karatasi ya wakala. Dai barua pepe ya uthibitisho kutoka Disney, au akuunganishie buking kwenye akaunti yako ya My Disney Experience uione kwa macho yako. Pale saa imeandikwa na AM au PM. Ikiwa 9:00 AM, ndiyo saa tatu yetu ya asubuhi, basi. Tarehe nayo iangalie, wao mwezi wanautanguliza: 5/8 kwao ni Mei, si Agosti.

Na ukiweza, fanya mwenyewe. Meza zinafunguliwa siku 60 kabla. Kama utalala kwenye hoteli zao wenyewe, siku ya 60 kabla ya kuingia hotelini unaruhusiwa kuweka meza za kukaa kwako kote, hadi siku 10. Uliyepanga nje unasubiri siku moja moja, na meza zinazotakiwa unakuta wenzio wameshazimaliza. Mtandaoni milango hufunguka saa kumi na mbili asubuhi ya Florida, ambayo kwa Arusha ni saa saba mchana kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na saa nane mchana miezi iliyobaki, kwa kuwa wao wanasogeza saa zao. Muda mzuri kabisa, wala huhitaji kukesha. Kinachowakwamisha wengi ni kadi: kadi ya benki ya hapa inabidi kwanza uombe ifunguliwe malipo ya mtandaoni ya nje. Pita benki wiki moja kabla, usisubiri siku yenyewe.

Kwenye idadi ya watu, mtoto wa miaka miwili anahesabiwa, maana anakalia kiti, ingawa halipiwi chakula. Miaka 3 hadi 9 ni bei ya mtoto. Akifika 10 ni mtu mzima, hata kama anakula chapati nusu na kusema ameshiba. Wetu wa miaka 10 alikula mikate miwili yenye sura ya Mickey na juisi, akalipiwa sawa na baba yake. Juu ya bei hiyo weka kodi ya asilimia 6.5, na tipu. Sisi hatujaizoea hii, lakini hata kwenye bufee ipo, na kundi la watu 6 au zaidi linakatwa asilimia 18 moja kwa moja kwenye bili. Ukiona imeshakatwa, usiongeze tena kwa aibu.

Kuchagua meza ipi, wakala wangu alikuwa na jibu moja kwa kila mtu: "ya kwenye kasri". Hapana. Cinderella's Royal Table iko ndani ya kasri kweli, lakini mabinti wa kifalme wanaongea. Hilo wengi hawalifikirii. Katuni wenye vichwa vya manyoya, Mickey, Donald, Goofy, Pooh, hawasemi neno. Wanapunga, wanashika tumbo, wanajifanya wamekasirika. Mabinti wa kifalme wanakaa wanamhoji mtoto, kwa Kiingereza cha haraka. Mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani, au mwenye haya tu, ananyamaza, na yule binti anahamia meza ya pili. Kwa Donald hakuna lugha, bibi na mjukuu wanaelewa sawasawa.

Wa chini ya miaka minne mara nyingi wanaogopa kile kichwa kikubwa. Mpe kiti cha ndani, ukutani, si cha njiani, na usimsukume mbele kwa ajili ya picha. Ukiwapa katuni ishara ya mkono wanaelewa, wanasimama mbali wanapunga.

Halafu kuna suala la tiketi. Meza iliyo ndani ya bustani ya burudani inadai tiketi ya bustani ya siku hiyo kwa kila mwenye miaka 3 na kuendelea, mbali na chakula. Chef Mickey's iko hotelini, ile hoteli ya Contemporary ambayo treni inapita ndani ya jengo, na haidai tiketi. Topolino's Terrace nayo iko hotelini, kifungua kinywa tu ndicho chenye katuni. Hizo zifanye siku ya kufika au siku ya kupumzisha miguu. Winnie the Pooh yuko Crystal Palace, ndani ya Magic Kingdom, moja ya bustani hizo. Na kama una watoto wadogo wengi na watu wazima wachache, ningekupeleka Garden Grill, kwenye bustani ya Epcot: sakafu inazunguka polepole na chakula kinaletwa mezani. Kwenye bufee tatizo ni lile lile kila siku, Mickey anafika mezani wewe uko kwenye foleni ya mayai na sahani mkononi.

Sisi tulichagua Tusker House kwa sababu ya jina la mahali. Iko kwenye bustani ya Animal Kingdom, kwenye kijiji cha kuigiza kinachoitwa Harambe. Wameandika na e moja, sijui ya pili waliiacha wapi. Jina Tusker nalo lisikuchanganye, ni la tembo mwenye pembe, si la chupa. Mlango wa pili kuna duka la kahawa linaitwa Kusafiri, kando kuna baa inaitwa Dawa, mbele kidogo wanauza vya baridi kwa jina Tamu Tamu. Mama mkwe alikuwa anasoma vibao kwa sauti huku anacheka, watu wanamgeukia. Na umbali wa dakika chache kuna foleni ya Wamarekani wanaosubiri gari la wazi linaloitwa Kilimanjaro Safaris. Sisi tunaotoka chini ya mlima wenyewe tukapanda pia, watoto walilia. Twiga ni twiga.

Ukichagua hii, kumbuka Animal Kingdom haifikiwi na ile treni, ni basi au gari. Toka hotelini saa nzima na robo kabla. Ukichelewa zaidi ya robo saa wanaweza kuitoa meza. Muda wa kuweka, ningesema chukua ya mwisho mwisho ya kifungua kinywa, kama saa nne na robo asubuhi yetu: bei ni ya asubuhi, umati umepungua, na ukiwa bado umekaa vyakula vya mchana vinaanza kutolewa. Nilitaka saa tatu kwa ubishi tu, nikiri.

Ukikaa, kabla hujagusa sahani, muulize mhudumu katuni wamefika upande gani. Wanazunguka kwa mpangilio, hawarukiruki. Mtu mzima mmoja abaki na watoto, mwingine aende kuchota, mbadilishane. Daftari la sahihi liwe na kalamu nene, ile ya kuandikia maboksi, kwa sababu glavu zile haziwezi kushika peni nyembamba. Liwe limefunguliwa ukurasa mtupu tayari. Katuni akipita na hukuwepo, mwambie yule mfanyakazi anayetembea nao, mara nyingi anawarudisha. Usilipie picha, simu yako inatosha, ila rekodi video, picha moja moja zitatoka mtoto amegeuka. Asiyekula nguruwe aulize kila sinia, soseji na bekoni ni za kuulizia. Tenga saa moja na nusu.

Juisi yao maarufu pale ni pasheni, chungwa na mapera. Nzuri. Sokoni Kilombero ungeipata kwa bei ya kutajwa bila aibu.

Sasa nirudi mlangoni. Yule dada hakukunja uso. Akatueleza meza yetu ni ya alasiri, na kwamba kwa kuwa bado kuna zaidi ya saa mbili kabla ya muda wa meza tunaweza kuifuta bila kukatwa kitu. Hilo ni muhimu: migahawa yao mingi inaruhusu kufuta hadi saa mbili kabla. Ukipitisha hapo, au usipotokea, ni dola 10 kwa kichwa. Kwetu ingekuwa dola 60. Akatuambia tukapande lile gari la Kilimanjaro, turudi baadaye tuone kama kuna waliofuta. Tukarudi, saa nne na dakika ishirini tukakalishwa. Donald alikuja mara mbili. Goofy alimwiga mama mkwe anavyofunga kilemba, meza nzima ikaangua kicheko. Kwa kifungua kinywa chenyewe nampa kila mtu nyota tano, na ningeacha hapo.

Hata wakala, nimtendee haki: makaratasi ya viza aliyapanga vizuri, tiketi za ndege hazikuwa na kosa, na kule uwanja wa ndege wa KIA kuna mtu wake alitusubiri. Nilikuwa nimeamua nimsamehe. Nilienda ofisini kwake kuwaonya tu, ili mteja mwingine asiumie. Kijana wa mapokezi hakuinua macho kwenye simu. Wala salamu, na mimi ni umri wa mama yake. Nikamweleza yote, mlango, watoto, laki tatu. Akasema:

"Sasa mama, kwani hamkula? Si mlikula?"

Si mlikula! Tulikula kwa huruma ya mgeni wa Florida, si kwa laki tatu yenu. Nikaomba risiti ya mashine ya ile hela ili nijue ililipia nini. Mashine mbovu. Nikaomba kuona msimamizi. Yuko porini na wageni. Kwa hiyo zile nyota mbili nilizokuwa nimempa kwa ajili ya viza nazirudisha, hapana, moja abaki nayo kwa ajili ya yule mtu wa KIA, ambaye alibeba begi la mama mkwe bila kuombwa.

Juzi msimamizi amenitumia ujumbe. Ameomba radhi, anasema atanirudishia nusu, nifike ofisini Jumatatu, 4:00.

Nimemjibu: 4:00 ya wapi?