Bloku hita na taima: mnaoingia winta ya Edmonton msikose hii kitu

Wale mliofika Edmonton, huku Kanada, juzijuzi mkaona magari yana kiwaya cha umeme kinaning'inia mbele, hiyo ndo bloku hita, na mimi naipa nyota 5 bila kusita. Ni hita ndogo inafungwa kwenye injini, inapasha kulanti (yale maji ya kupoza injini), jioni unachomeka kwenye soketi ya nje basi.

Kabla sijaifunga, baridi ikigonga -30 napiga stata injini inazunguka kwa shida, oili imekuwa nzito na betri haina nguvu, ikikubali kuwaka naiacha inaunguruma weee na kwenye kioo bado inapuliza baridi. Maana ile hewa ya moto ya ndani inapata joto kwenye kulanti, sasa kulanti ikiwa ya baridi hata ufungue feni mpaka mwisho unajisumbua tu. Siku hizi nikiwasha inashika hapohapo, na muda si mrefu barafu inaanza kuachia chini ya kioo pale kwenye matundu ya hewa, unaona ka mstari ka maji kanapanda taratibu, ukipitisha skrepa inabanduka vipande vipande.

Ila nunueni na taima jamani. Hita nyingi zinakula kama wati 400 mpaka 1000, kuchomeka usiku kucha ni kuchoma hela, masaa mawili kabla ya kutoka yanatosha kabisa. Mi natokaga saa 12 asubuhi, taima inawasha saa 10 nikiwa bado kitandani.

Kilichoniudhi ni ekstensheni ya bei chee niliyouziwa pamoja nayo, ganda lilikakamaa kwa baridi likapasuka mpaka waya wa ndani ukawa nje, umeme huo na theluji pale chini!! Chukueni ile iliyoandikwa ya matumizi ya nje na baridi kali.

Pia haiondoi ukungu unaoganda kioo kwa ndani, ule unatokana na unyevu kama wa theluji ya viatu, so kung'uteni viatu na zimeni ile batani ya kuzungusha hewa ya ndani ili hewa kavu ya nje iingie. Na maji ya moto kwenye kioo hapana, kinaweza kupasuka.

Gari nyingi zinazouzwa Alberta, jimbo lenye Edmonton, tayari zinayo, chungulieni kwanza chini ya boneti kabla hamjamlipa fundi.