Charlie Sykes, kutoka ripota wa gazeti mpaka redio ya wahafidhina: nampa nyota nne kati ya tano

Kuna jamaa kadhaa wameniuliza kama inafaa kumsikiliza huyu mzee wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Charlie Sykes, au ni walewale tu wa redio za wahafidhina wa Marekani wanaofoka kutwa nzima. Mi naendesha lori huku Midwest, majimbo ya kati-kaskazini mwa Marekani, redio ndo inanifanya nisisinzie, nimemsikia akiwa bado WTMJ, stesheni ya redio ya Milwaukee, na namsikia mpaka leo kwenye podikasti, kwa hiyo haya ni maoni ya msikilizaji, sio ya mchambuzi wa siasa.

Kwanza mjue huyu hakuanzia kwenye maiki. Ni ripota wa gazeti, miaka ya 70 alikuwa Milwaukee Journal, baadaye akawa mhariri wa Milwaukee Magazine, na nyumbani kwao siasa zilikuwa za upande mwingine kabisa, baba yake ndo alisimamia kampeni ya Eugene McCarthy pale Wisconsin 1968, yule Mdemokrati aliyekuwa anapinga vita ya Vietnam. Kijana akahamia kulia taratibu, na 1993 akapewa kipindi cha asubuhi WTMJ, 620 AM. Akakaa hapo miaka 23. Soko lenyewe lilikuwa limeshafunguka, maana 1987 tume ya mawasiliano ya Marekani ilifuta ile kanuni iliyozitaka stesheni zitoe nafasi kwa pande tofauti kwenye mambo yenye ubishi, mwaka uliofuata mtangazaji wa wahafidhina Rush Limbaugh akaanza kusikika nchi nzima, na baada ya hapo kila mji ukawa unataka Limbaugh wake.

Sasa kipindi chenyewe kilikuwaje. Habari fupi, halafu mzee anaongea peke yake weee, halafu simu za wasikilizaji, halafu matangazo ya biashara, tena matangazo mengi mno, unaachwa katikati ya hoja unaambiwa habari za madirisha na magari. Ila kilikuwa cha pale pale mjini. Shule za Milwaukee, vocha za serikali za kumsomesha mtoto shule binafsi, vyama vya wafanyakazi, ile sheria ya gavana Scott Walker ya 2011 iliyowabana watumishi wa umma mpaka watu wakalala ndani ya jengo la bunge la jimbo kule Madison. Walker, wa chama cha Republican, alikuwa mgeni wa mara kwa mara, mbunge Paul Ryan wa chama hichohicho pia, na Sykes hakuficha yuko timu gani. Kama ulikuwa mwalimu wa shule ya serikali ungezima redio, na nisingekulaumu.

Kitu kinachonifanya nimpe nyota zote hizi ni maswali. Ukitaka kuelewa katafute mahojiano yake na Donald Trump ya tarehe 28 Machi 2016, sauti ipo mtandaoni. Trump kapiga simu kuelekea kura za mchujo za Republican pale Wisconsin, kachangamka, anadhani kaja kwa ndugu zake wahafidhina. Hata hawajafika mbali Sykes anamuuliza kwa upole kabisa kama anajua kwamba mwenyeji wake ni mmoja wa wale waliosema Trump kamwe, yaani wahafidhina wasiomtaka kabisa. Alikuwa hajui! Halafu anaingia kwenye ile picha ya mke wa mpinzani wake, seneta Ted Cruz, ambayo Trump aliisambaza Twitter, anamtaka aombe radhi, Trump anasema Cruz ndo kaanza, Sykes anamkumbusha kwamba hapa hatupo uwanja wa michezo wa shule, tunatafuta rais wa nchi. Hapandishi sauti. Anarudi kwenye swali lilelile mpaka mtu anaishiwa pa kukimbilia, na hapo ndo unamsikia ripota wa zamani, maana watangazaji wengi wa aina yake wanajua kuongea tu, kuuliza hawajui. Tarehe 5 Aprili Cruz akashinda Wisconsin kwa asilimia 48 dhidi ya 35. Sisemi ni sababu ya hiyo simu, redio karibu zote kubwa za wahafidhina jimboni zilikuwa zinampinga Trump. Na Novemba Trump akalichukua jimbo hilohilo kwa kura chini ya 23,000, kwa hiyo nguvu ya redio nayo ina mwisho wake.

Mwaka huo wa 2016 wasikilizaji wake wakamgeukia. Akiwarekebisha kwamba habari fulani ni ya uongo, wanamwambia hayo ni ya magazeti ya kushoto, hatuyaamini. Na yeye mwenyewe alikiri mwaka huohuo kwamba miaka yote ile ya kuyaponda magazeti yeye na wenzake walikuwa wamewatoa marefa uwanjani, wale wa kuamua lipi kweli lipi uongo, sasa hata yeye hana wa kumkimbilia. Hapo ndo namnyima nyota moja. Bana, we ni ripota, umekula mshahara wa gazeti, ulijua kabisa chumba cha habari kinavyofanya kazi, ukaja kushtuka mwaka wa 23?

Desemba 2016 akaondoka WTMJ. Akawa mmoja wa waanzilishi wa The Bulwark, tovuti ya habari na maoni, akaendesha podikasti yao mpaka mwanzoni mwa 2024, sasa ana ya kwake, To the Contrary, iko Substack, jukwaa la mtandaoni la waandishi na podikasti, kuna ya bure na ya kulipia. Kwa mtu wa kawaida ya bure inatosha. Sauti safi, matangazo ya madirisha hakuna, wageni wanaachwa wamalize sentensi, na kwenye maandishi anaweka picha za mbwa wake. Ubaya wake ni kwamba mada ni Trump leo, Trump kesho, mtondogoo Trump, na ule umji wa Milwaukee umeyeyuka. Shule ya mtaa, barabara, kodi ya nyumba, hayo husikii tena, na mi ndo nilikuwa nayapenda.

Kama unaanza, anza na hiyo ya 28 Machi, halafu rukia zile anazohoji mtu, zile anazoongea peke yake zinaweza kusubiri. Na kama na wewe ni wa lori, pakua kabla hujatoka yadi maana ukielekea kaskazini huko msituni mtandao unakatakata, utasikia swali jibu usilisikie.