Sakafu ya boti ya pontuni kuukuu: ununue bodi gani Mombasa

Boti ya pontuni huelea juu ya mapipa marefu ya alumini, na sakafu yake hulazwa juu ya mihimili ya alumini. Sakafu ikioza, ingia duka la hadiwea mjini uombe "marini" na utapewa bodi nyeusi inayong'aa, ile ya kumwagia slabu. Jina ni la baharini, kazi ni ya zege. Gundi yake kwa kawaida huvumilia maji. Ubovu hujificha ndani. Usitazame uso, tazama ukingo. Ukiona vitundu kati ya matabaka, humo ndimo maji ya chumvi yatakamokaa.

Chaguo ziko nne. Ya kwanza: plaiwudi halisi ya boti, milimita 18, ya BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya baharini. Boti ya futi 20 kwa 8 inakula bodi 5 za futi 8 kwa 4 zikilazwa kukingama, bila kuunga. Muhuri usikutoshe: omba kipande, kichemshe saa kadhaa. Kikiachana matabaka, hamia duka jingine.

Ya pili: bamba la alumini lenye vinundu. Haiozi, lakini adhuhuri ya kaskazi abiria pekupeku watakulaani, na ikiwa nyembamba hubonyea katikati ya mihimili.

Ya tatu: ile bodi nyeusi, kama mfuko hauruhusu zaidi. Ikilowa inateleza, na epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya, ya kuzuia maji) haishiki juu ya ngozi yake mpaka uikwaruze kwa msasa.

Ya mwisho: mvule. Mzuri, hakuna ubishi. Ila kwa sakafu hiyo nzima, mbao za inchi moja zitafika kama kilo 240, plaiwudi 160. Hiyo tofauti ni abiria asiyelipa nauli, kila safari.

Mbao zilizotiwa dawa ya kijani usiguse kabisa: dawa ina shaba, na shaba ikikutana na alumini na chumvi, mihimili huliwa.

Bajeti isiishie kwenye bodi. Paka epoksi mikono miwili usoni, mitatu kwenye kingo. Matundu ya bolti yatoboe makubwa, yajaze epoksi, kisha toboa upya kwa kipimo. Sakafu nyingi huanza kuoza hapo. Bolti ziwe stenlesi ya daraja la 316, inayostahimili chumvi, zikitengwa na alumini kwa washa za nailoni. Kati ya bodi na bodi acha milimita 3.

Bolti kuukuu zikizunguka tu bila kufunguka, mara nyingi ni kwamba mbao imeshaoza chini ya kichwa. Usipigane nazo kwa spana. Zikate nati kwa grainda kutoka chini.