Stern Pro Malindi: Pinboli Mpya kwa Shilingi Inayoyumba

Anayetaka pinboli mpya Malindi, ile mashine ya mchezo ambayo mpira wa chuma hupigwa juu ya meza yenye mteremko chini ya kioo, huanza kwa kuuliza bei ya kiwandani, na hesabu huanza kumpotea hapo hapo. Stern, kampuni ya Elk Grove Village karibu na Chicago inayotengeneza nyingi zaidi duniani, ilikuwa ikiuza kwa madaraja matatu mwaka 2024: Pro dola 6,999, Premium dola 9,699 na Limited Edition dola 12,999. Tathmini hii ni ya Pro, kwa sababu kwa hali ya pesa ilivyo ndilo daraja pekee lenye hesabu inayokubali hapa Pwani. Hizo nyingine mbili tutazigusa, ila kwa kuonyesha mahali pesa inapovujia.

Neno lenyewe kwanza, maana hapa kwetu linachanganya. Mtaliano wa Malindi akisema “flipper” anakusudia mashine nzima. Fundi wa Chicago akisema flipa anakusudia ule ukono mmoja unaopiga mpira. Ukiagiza spea kupitia jamaa aliye Milano, andika namba ya spea, usiandike jina, la sivyo utaletewa katalogi ya mashine.

Sasa bei. Chukua Pro ya dola 6,999, ongeza mfano wa dola 900 za meli na bima hadi Mombasa: dola 7,899. Juu yake kuna ushuru wa forodha wa 25%, IDF (ada ya tamko la uagizaji) 2.5%, RDL (tozo ya reli) 2%, na VAT 16% inayopigwa juu ya thamani ikishajumlishwa na ushuru. Ukivikusanya vyote unapata 49.5% ya thamani iliyofika bandarini. Kwa dola ya shilingi 129, mashine inatoka forodhani ikiwa imekula kama shilingi 1,523,000, kabla hujamlipa wakala, bandari na lori. Mwombe wakala athibitishe msimbo wa forodha (kundi ni 9504) na viwango vyake kwa maandishi kabla hujatuma amana.

Dola ikipanda shilingi moja tu, gharama hiyo inaongezeka kwa shilingi 11,800 hivi, kwa sababu kodi nazo zinapanda pamoja na bei. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Baada ya serikali kukopa upya na kununua sehemu ya deni la Eurobond Februari mwaka ule, ilishuka hadi karibu 130 katika wiki chache. Mashine ile ile, kwa 160, ingefika karibu shilingi 1,890,000. Tofauti ni zaidi ya 360,000, na hakuna aliyebadilisha hata skrubu moja kiwandani.

Ndiyo maana kosa kubwa la mnunuzi wa huku ni kulipa amana kwa dola halafu kuacha salio likae kwa shilingi miezi mitatu au minne akisubiri meli. Siku unayotuma amana, badilisha salio lote pia na uliweke kwenye akaunti ya dola. Kodi bado itabaki wazi, kwa kuwa KRA hupiga hesabu kwa kiwango cha wakati hati inapofunguliwa, si cha siku uliyolipa Marekani. Kwa hiyo tenga fungu la kodi kwa kiwango kibaya zaidi ya kile cha leo. Ukijengea hesabu yako kwenye 130, jiulize kama 145 utaimudu. Kama huimudi, subiri.

Upande wa kiwanda nao haujatulia. Mashine zinaunganishwa Illinois, lakini ndani yake kuna chuma, nyaya na bodi za kielektroniki zinazotoka nchi nyingi. Mwaka 2025 Marekani ilitoza chuma cha kigeni 25% Machi, ikapandisha hadi 50% Juni. Bidhaa za China zilifika 145% Aprili, kisha zikateremshwa hadi 30% Mei. Muuzaji anayekupa bei leo anaweza kuibadilisha kabla sanduku halijafungwa. Taka barua inayosema bei haigeuki baada ya amana, na amana inarudi ikigeuka. Asiyekubali kuandika hivyo, mpite.

Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wamejibu hali hii kwa njia ambayo mnunuzi wa Malindi anaweza kuitumia. Kati ya 2020 na 2022, watu wakiwa wamefungiwa nyumbani, mashine zilinunuliwa kama mahamri ya asubuhi. Wengine walinunua Limited Edition wakaiacha sandukuni waje kuiuza kwa faida. Baadaye bei zikapoa, na maduka yakabaki na mzigo. Leo Pro iliyokaa ghalani kwa muuzaji ina nafasi kubwa ya kupunguzwa bei kuliko toleo la mwezi huu. Usione haya kuuliza lililobaki.

Lakini usiinunue ukidhani unaweka akiba. Medieval Madness, pinboli ya kampuni ya Williams ya 1997, iliyotengenezwa mashine kama 4,000 tu, ilikuwa imepanda mno. Kampuni ya Chicago Gaming ilipoleta toleo jipya 2015, zile za zamani zikateremka. Kiwanda kinaweza kurudia chochote kinachouzika. Na hata kama thamani ingepanda Chicago, hapa utamuuzia nani? Pwani haina soko la pinboli. Anayehama na kuuza vyombo vya nyumba huitoa kwa bei ya atakayejitokeza, na mara nyingi anajitokeza mmoja tu. Ile sahani yenye namba, kioo cha picha kinachong'aa na mota ya kutikisa vya Limited Edition havirudishi hata thumni.

Kimchezo Pro haimwangushi mtu. Kwa kawaida mpangilio wa njia za mpira ni ule ule wa Premium au karibu sana, na sheria za mchezo hazitofautiani kwa mengi. Inachokosa ni baadhi ya vitu vinavyosogea: rampu inayoinuka, mwanasesere mwenye mota, kishikizo cha ziada cha mpira. Mtu wa Milano huviona ni upungufu. Kwa mtu wa Malindi, kila mota isiyokuwepo ni mota isiyopata kutu, isiyoagizwa kwa ndege, isiyotozwa kodi tena.

Na kutu ndiyo adui. Mpira wa chuma una kipenyo cha milimita 27 na gramu 80 hivi; hewa ya bahari huuotesha madoa, na mpira wenye madoa ni msasa unaozunguka juu ya vanishi. Nyumba ikifungwa Aprili hadi Juni, kama nyingi zifanyavyo mvua za masika zikianza, toa mipira yote, ifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, ifunge ndani ya chupa isiyoingiza hewa. Kabla ya kuirudisha, futa mafuta hayo yaishe kabisa. Mashine iliyobaki ndani iwashwe saa mbili tatu kila wiki. Joto lake hufukuza unyevu kwenye bodi.

Fundi wa huku ana tabia moja ya kuzuiwa mapema: kupulizia mafuta kila kinachokwama. Flipa hufanya kazi kavu. Mafuta yakishachanganyika na vumbi yanakuwa uji mweusi, ile bomba ya nailoni ndani ya koili (sumaku ya umeme inayoendesha ukono) inashika, na ukono unarudi polepole au haurudi. Flipa ikilegea, kwanza tazama kizuizi cha chuma mwishoni mwa koili. Kikishapigwa muda mrefu hutandazika kama uyoga, na dawa yake ni kukibadilisha pamoja na bomba, fimbo na kiungo chake. Kazi ya nusu saa ukiwa na spea mkononi, ya mwezi na nusu ukiwa huna. Agiza ndani ya sanduku lile lile la mashine: seti mbili za flipa, seti moja ya raba, mipira sita ya akiba, fyuzi za kila ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu, na bodi moja ya nodi. Nodi ni zile bodi ndogo chini ya meza zinazounganishwa kwa waya kama za intaneti. Vipande vyake ni vidogo mno kwa fundi wa redio kuvichomelea kwa mkono.

Stima. Soma kibandiko cha volti nyuma ya mashine kabla ya kuchomeka. Yetu ni volti 240. Kinachoua bodi zaidi ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kupitisha umeme, kinasaidia, na stabilaiza juu yake si anasa.

Kwenye ankara hakikisha imeandikwa kuwa ni mashine ya burudani isiyotoa pesa wala zawadi. Mashine za kamari zimekamatwa sana nchini, na ofisa anayeona tundu la sarafu hana sababu ya kujua tofauti.

Kusafirisha: mashine ina takriban kilo 113 bila sanduku. Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 za lami, pikapu inatosha ikiwa imelazwa mgongo, kichwa kimekunjwa na kufungwa kamba. Mipira itolewe kwanza. Ikiachwa ndani hurukaruka na kuvunja plastiki. Miguu minne inashikwa na bolti nane zinazotaka spana ya inchi 5/8. Duka la vifaa mjini litakupa ya milimita 16, nayo inashika sawasawa. Kwa nati ndogo za inchi 11/32 usijaribu hivyo, ya milimita 9 italegea na kuzila pembe. Anayeipeleka Lamu aongeze gari hadi Mokowe, mashua, na hamali wanne wa kupita vichochoroni; punda haibebi, na msimu wa kusi bahari ikichafuka hakuna nahodha mwenye akili atakayeipakia.

Kwa asiyetaka kubeba hatari hii yote, mashine ya miaka ya 1990 kutoka Italia ni njia ya kuzingatiwa. Mashine zilizouzwa kule ziliwekwa kwa volti za Ulaya, na bodi za Williams na Bally za wakati ule zina transista kubwa ambazo fundi wa televisheni anazijua. Kabla hujalipa, omba picha ya sehemu ya betri kwenye bodi kuu. Betri zilizovuja huacha unga wa kijani unaokula nyaya za bodi. Ukiuona, ama teremsha bei kwa gharama ya bodi nzima, ama achana nayo.

Ukishaifikisha, isimamishe kwa mteremko wa digrii 6.5 kwa kuzungusha visigino vya miguu, na upime kushoto na kulia juu ya meza yenyewe, si juu ya kioo. Sakafu za chokaa za nyumba za huku si sawa hata siku moja.