Hawas au Club de Nuit: ununue yapi kwa joto la Mombasa?

Joto la kaskazi halina huruma na manukato. Unatoka Likoni umejipulizia vizuri, unabanana kwenye feri, ukifika ng'ambo harufu uliyotoka nayo nyumbani imeshageuka. Ndiyo maana vijana wakiniuliza wanunue manukato gani ya kiume yasiyoumiza mfuko, siwaulizi wanapenda harufu ipi. Nawauliza watajitia saa ngapi.

Kwa mchana, ya kwanza ni Hawas ya Rasasi, kampuni ya Dubai. Ilitoka mwaka 2015, chupa ya buluu ya mililita 100. Ukipuliza tu unapata tufaha, limau na mdalasini kidogo, kisha ubaridi wa maji na iliki kwa mbali. Ina utamu, lakini ni utamu wa tunda lililotoka kwenye barafu, si wa halua. Ukitoka jasho haichachi. Mtu wa ofisini, au anayeshinda dukani Biashara Street, achukue hii bila kusita.

Ya pili ni Club de Nuit Intense Man ya Armaf, ya Dubai na ya mwaka 2015 vilevile, chupa nyeusi ya mililita 105. Wengi huitaka kwa kuwa harufu yake inakaribiana sana na Aventus, manukato ya kampuni ya Creed ambayo bei yake ni mara kadhaa zaidi. Usiihukumu ukiwa kaunta. Mwanzo wake ni limau kali la kukera pua, hata utamani kurudisha chupa. Puliza kwenye kifundo cha mkono, zunguka Marikiti, rudi baada ya nusu saa: limau limetulia, nanasi limejitokeza na nyuma yake moshi na miski. Usiku harusini, ukiwa na kanzu iliyofukizwa udi, hapo Hawas haifui dafu, kwa sababu moshi na moshi huelewana. Lakini mchana ndani ya matatu iliyojaa, unamwonea jirani yako.

Angalia sana feki. Mimi niliwahi kuuziwa chupa mjini, nikafurahia bei, sikukagua. Kufikia alasiri imebaki harufu ya spiriti tu, na shingo inaniwasha. Sasa hulinganisha namba iliyogongwa chini ya chupa na ile ya kwenye boksi, zikitofautiana, narudisha. Pia natazama inavyopuliza: inatakiwa itoke kama ukungu, si matone.

Hawas, mipulizo miwili shingoni na mmoja kifuani. Club de Nuit, mmoja kifuani watosha, ukishajikausha baada ya kuoga, na uache ikauke kabla ya kuvaa kanzu nyeupe isije ikaingia doa.