Taa zinazogeuka na usukani: miezi minane nikiendesha usiku

Gari langu la zamani lilikuwa na taa kali, balbu mpya kabisa, na bado kila kona ya usiku niliiingia kwa kubahatisha. Barabara imeshakata kushoto, mwanga umebaki unamulika majani ya kulia. Gari ninaloendesha sasa lina taa zinazofuata usukani, na kwangu zimezidi faida kamera, redio na mengine yote niliyoonyeshwa siku ya kulichukua.

Ukiliwasha mbele ya ukuta unaziona zikijipima: mwanga unashuka, unapanda, unacheza kidogo pembeni, unatulia. Ndani mna mota ndogo zinazogeuza taa kwa kufuata sensa ya usukani na ya mwendo. Mifumo mingi ya aina hii haizidi nyuzi 15 hivi. Ukisikia nyuzi 15 unaweza kudhani ni kitu kidogo. Usiku mmoja, kwenye mteremko wenye kona kali ya kushoto, nilianza kuona gurudumu la baiskeli, kisha miguu ya mtu anayeisukuma, kavaa nguo nyeusi, hana kiakisi hata kimoja. Nilikuwa kwenye kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 kila sekunde. Nilikanyaga breki bila papara, nikampisha. Kwa taa za lile gari la kwanza ningemwona ameshafika ubavuni.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Citroën DS ilikuwa na taa za namna hii tangu 1967. Inaniuma kwamba hadi leo magari mengi hayana.

Kwenye njia panda kuna msaada mwingine: nikiwasha indiketa nikiwa mwendo mdogo, taa ya pembeni inawaka upande ninaokata na kumulika mtaro na anayevuka. Naipenda sana hii.

Ila taa husubiri usukani. Penye kona mbili zinazofuatana, hazina habari na ile ya pili mpaka uanze kukata, kwa hiyo bado napunguza mwendo mapema. Na ukiharibikiwa, jiandae. Baada ya kubadilisha springi za nyuma, alama ya taa ilianza kumweka kwenye dashibodi, mwanga ukaganda umeelekea mbele tu. Fundi wa kwanza alitaka ninunue taa nzima. Wa pili aliingia uvunguni, akakuta kijiti cha sensa inayopima gari limeinuka kiasi gani kutoka chini kimechomoka. Akakirudisha, akapima taa upya kwa mashine, zikacheza.

Kama unanunua gari la mtumba lenye taa hizi, lipeleke mbele ya ukuta gizani, liwashe, hakikisha za pande zote mbili zinacheza. Moja ikibaki imesimama, uliza bei ya taa nzima kabla hujatoa hela.