Duka la difu za mtumba Unga Limited: wanakuhesabia meno kabla hujatoa hela

Duka lenyewe halina bango. Ni makontena mawili yanayotazamana pale Unga Limited, Arusha, katikati yake sakafu ya zege iliyolowa oili. Ukiuliza fundi yeyote wa magari ya watalii "kwa wale wa difu", atakuelekeza. Vyoo hakuna, kiti ni kimoja na kina mwenyewe.

Mimi ni mama wa biashara ya safari. Nina Land Cruiser mkonga, zile zilizokatwa na kurefushwa hapahapa Arusha, na moja ilikuwa inalia difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli linalopeleka nguvu kwenye magurudumu. Ikifika mwendo wa 60 inaunguruma, dereva akiachia mafuta mlio unageuka kuwa wa kusaga. Fundi wangu akamwaga oili, ikatoka na vumbi la chuma linalometa. Krauni, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu, imelika. Kununua krauni mpya na pinioni yake, gia ndogo inayoizungusha, kunataka fundi wa kuzipanga kwa shimu (visahani vyembamba vya chuma) hadi uchezo wa meno ukae sawa, na mafundi wa hivyo mjini ni wachache na wana foleni. Tukakubaliana nitafute kichwa kizima cha mtumba, krauni na pinioni zikiwa zimeshapangwa ndani ya kasha lake.

Hapo ndipo watu wengi wanapigwa. Vichwa vya difu vya Land Cruiser kwa nje vinafanana kama mayai. Boliti zinaingia, propela (ile shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) inafunga, gari linatembea. Tofauti iko ndani, kwenye reshio, yaani propela izunguke mara ngapi ili tairi lizunguke mara moja. Krauni yenye meno 41 na pinioni yenye 10 ni 4.10. Krauni ya 43 na pinioni ya 10 ni 4.30. Kwenye hizi mkonga za dizeli nimekutana na zote mbili, na za V8 ya dizeli ni 3.909, meno 43 kwa 11. Ukifunga 4.30 nyuma wakati mbele una 4.10, utaenda Karatu na kurudi kwa lami bila kuhisi kitu, kwa sababu unaendesha magurudumu ya nyuma peke yake. Siku unayoingiza 4WD, yaani magurudumu yote manne yavute, ndipo kazi inaanza. Kila nyuma inapotembea mita 100, mbele inataka kutembea karibu 105. Kwenye tope tairi litateleza na kujikomboa. Kwenye ardhi kavu halina pa kutelezea: usukani unakuwa mzito, gari linashtuka-shtuka, wenzo wa transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, unakataa kurudi, na ukiendelea kulazimisha, kitu kitakatika, ama meno, ama shafti. Sasa fikiria hayo unashuka kreta ya Ngorongoro na wageni nyuma.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani tulipima kwanza ya mbele. Tuliweka mawe kwenye magurudumu, tukainua tairi moja tu la mbele kwa jeki, habu za mbele zimewekwa LOCK, transfa iko 2WD. Chaki kwenye tairi, chaki kwenye propela. Kwa kuwa tairi la pili limekaa chini, hilo lililoinuliwa linazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Wengi huzungusha mara mbili, wakahesabu propela "mara nne na kidogo", wakaridhika. Hicho "kidogo" ndicho chenye maneno! Zungusha tairi mara 20, yaani krauni mara 10. Propela ikienda 41, una 4.10, ikienda 43, una 4.30. Hakuna kubahatisha. Yangu ilikuwa 41.

Bati la ndani ya boneti nalo lina mstari ulioandikwa TRANS/AXLE, na ile kodi (code) ya ekseli inataja ukubwa wa krauni na reshio. Liangalieni, ila linaeleza gari lilivyotoka kiwandani tu. Gari lililopita mikono mingi, likakatwa na kuungwa, linaweza kuwa na difu ambayo hilo bati halijawahi kuisikia.

Duka la kwanza nililoingia, ambalo silitaji, kijana aliniambia, "Mama, Land Cruiser ni Land Cruiser, we funga tu." Nikamshukuru nikatoka. Hawa wa makontena, kabla sijamaliza salamu, mzee mwenye duka akauliza, "Mama, mbele una ngapi?" Nikamwambia 41 kwa 10. Akamgeukia kijana wake: "Mletee mama ile ya kona, siyo hiyo yenye rangi nyekundu."

Kijana akakiburuta kichwa hadi kwenye zege, akakifuta kwa petroli, akatia alama ya rangi nyeupe kwenye jino moja la krauni. Akaanza kuzungusha pinioni kwa mkono, mimi nahesabu meno kwa sauti, naye anahesabu yake kimoyomoyo. Tukafika 41. Pinioni tukahesabu, 10. Kisha mzee akanionyesha namba zilizogongwa kwenye krauni na kwenye ncha ya pinioni, zinafanana. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani zikiwa jozi, kwa hiyo namba zikipishana ujue mtu ameokota kila kimoja kwake, na hata kama reshio ni sahihi, difu hiyo italia tu.

Nilikuwa nimebeba saidi shafti yangu, ile inayotoka kwenye difu kwenda kwenye tairi, ndani ya gunia. Kijana alicheka kidogo, mzee hakucheka. Aliichukua akaichomeka pande zote mbili za kichwa, ikaingia bila kulazimishwa. Hilo nalo fanyeni, maana reshio inaweza kuwa sawa halafu meno ya ncha ya shafti yakawa tofauti, mkarudi nyumbani na mzigo.

Walikuwa pia na kichwa cha zamani cha meno 37 kwa 9, ambacho ni 4.11, bei nafuu zaidi. Mzee alikiri mwenyewe kwamba si 4.10 ila wengi hufunga na hawapati shida, tofauti haifiki hata asilimia 0.3. Hesabu yake iko sawa. Mtu wa shamba anayeingiza 4WD kwenye tope tu ningemwambia achukue asilale. Gari langu linashuka kreta msimu mzima, nikaona nilipie amani yangu.

Sasa lawama. Bei iko juu. Ukipiga simu Gerezani, Dar, utapata chini ya hapo, lakini ongeza nauli ya mzigo kwenye basi, na ujue hutahesabu meno kwa simu. Dhamana yao ni ya mdomo, nililazimika kuwasumbua ndipo wakaandika kwenye risiti reshio na neno "inarudishwa isipolingana". Sili, zile za kuzuia oili isivuje, hawauzi, na kufunga kichwa cha mtumba kwa sili ya zamani ni kujitafutia kazi, nikaenda kununua kwingine. Kupakia ni juu yako: kichwa cha difu kinamtaka mtu wa mgongo mzima, na kijana alikuwa ameshaondoka kula.

Baada ya kufunga, tulirudia hesabu ya chaki kwa nyuma, tairi mara 20, propela 41. Dereva wangu akalipeleka gari Kirawira, Serengeti, mvua imenyesha, udongo mweusi ule unaojaa kwenye rimu hadi tairi linakuwa duara la tope. Akaniambia wenzo wa transfa unaingia na kutoka kwa kidole. Mlio umekwisha. Oili tuliyoibadilisha baada ya safari za mwanzo ilitoka safi.

Kwa difu nitarudi kwao. Kwa gia boksi sijui walivyo, naona wanazo ila zimelala nje bila kufunikwa, na maji yakishaingia humo hakuna wa kukuhesabia. Fikeni asubuhi, kwa sababu mchana jua linapiga kwenye makontena hakuna anayetaka kugusa chuma. Nilipotoka walikuwa na jozi ya 3.909, mbele na nyuma, zimetoka kwenye V8 moja iliyopata ajali. Kuna bwana aliitaka ya nyuma peke yake, mzee akakataa kuitenganisha. Mwenye V8 awahi.